Chuma cha Bi Ruzuna

Chuma husahau kwa kusuguliwa, hukumbuka kwa kupikiwa. Mnacheka? Wengi huisema methali hii, hawajui ilikotoka. Ilitoka jikoni kwa Mzee Shekue, kule Pangani, asubuhi ya Ijumaa.

Mkewe, Bi Ruzuna, kila Ijumaa aliwapikia watu wa nyumbani chai nzito: mihogo ya kukaanga, samaki, na vitumbua vilivyovimba vikawa vyekundu pembeni. Alipofariki, nyumba ile ikawa haina harufu. Asubuhi Mzee akawa anakunywa chai ya rangi tupu. Binti yao, Zawena, alimwonea mama yake hamu hata akawa analala na kanga yake.

Arobaini ilipopita, Zawena akaazimia kumrudisha baba yake kwenye chakula. Akaloweka mchele, akakuna nazi, akatwanga iliki, yote kama alivyofunzwa. Kisha akakitungua chuma cha vitumbua, kile chenye mashimo. Kilikuwa cheusi ti, kimeganda mafuta. Akaona haya: chombo cha marehemu kikae na uchafu? Akakisugua kwa sabuni na mchanga mpaka kikang'aa. Mapenzi nayo hukosea njia.

Mihogo ilikubali, samaki wakakubali. Vitumbua vikagoma. Kila kimoja kiling'ang'ania shimoni, na akikichokoa kinatoka vipande. Mama yake alikuwa akivigeuza kwa kijiti tu. Zawena akaketi chini, akalia kwa kwikwi.

Baba yake akaja mlangoni, akakiona chuma kinavyong'aa, akaelewa.

"Baba, nimemfuta mama," Zawena akasema. "Mkono wake ulikuwa umo humu."

Mzee akavuta kibao, akaokota kipande, akala. Tangu msiba hakuwa ametafuna kitu asubuhi.

"Mama yako alipoletwa hapa bibi harusi, chuma hiki kilikuwa kipya, kinang'aa hivi hivi. Nilikula vipande mpaka watu wakanicheka. Weusi ule aliuweka yeye, Ijumaa kwa Ijumaa. Kipake mafuta, mwanangu. Kimesahau, kitakumbuka."

Zawena akakipaka, akakipasha moto, akakifuta kwa kitambaa kikavu. Ijumaa ile walikula vipande, na iliyofuata pia. Chuma kikaiva taratibu, hadi asubuhi moja kitumbua kikageuka kizima kwa kijiti. Mzee akakipokea kingali cha moto, akakinusa, machozi yakamtoka. Ruzuna hakurudi, na hamu yake haikuisha. Lakini Mzee akaomba cha pili.

Basi mkimwona mfiwa anaondoa kila kilichokuwa cha marehemu ili moyo upoe, msimsaidie kusugua. Mwambieni: chuma husahau kwa kusuguliwa, hukumbuka kwa kupikiwa.