Vitovu Chini ya Mkuyu

Hadithi, hadithi!

"Hadithi njoo!"

Aa, leo sitaki itikio la uvivu. Leo nikisema "Kilima!", ninyi semeni "Kina wenyewe!" Haya, kilima!

"Kina wenyewe!"

Ndivyo! Basi kaeni vizuri, maana hadithi hii ina mbio, ina vumbi, na ina mti unaolia.

Hapo zamani za kale, zamani hata Fisi hajajua kucheka, palikuwa na kilima cha mawe, na juu yake mkuyu mmoja. Mkuyu huo, jamani! Ukizaa, unazaa mpaka shinani. Kilimani waliishi Pimbi, na desturi yao ilikuwa hii: kitovu cha mtoto kikidondoka, mama hukizika chini ya mkuyu. Ukimuuliza Pimbi kwao ni wapi, hana maneno mengi. Atasema, "Kitovu changu kiko pale."

Alikuwepo Bi Pimbi mmoja, amejifungua baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto huyo hamtui hata akipika. Na alichokitaka duniani kilikuwa kimoja tu: kitovu cha mwanawe kilale kilipolala cha bibi yake.

Sasa sikieni. Mkubwa wa nchi ile yote alikuwa Tembo. Alikuwa vitani na Nyati, na vita vimemshinda. Akaja kwa Pimbi, masikio pa! pa! "Nisaidieni, na kilima ni chenu." Pimbi wakapiga vigelegele.

Akaenda kwa Nungunungu. "Nisaidieni, na kilima ni chenu." Nungunungu wakalia kwa furaha.

Kisha akateremka mtoni, akamnong'oneza shemeji yake Kiboko. "Vita vikiisha, kilima kile tutagawana mimi na wewe."

Ahadi tatu, kilima kimoja! Mdomo wa Tembo ni mkubwa, vyote vinaenea.

Mtaniuliza, Nungunungu na kilima wapi na wapi? Ngojeni. Mababu zao nao walikaa pale pale. Simba wa kale akawafukuza, wakatawanyika. Kila walikokwenda walipigwa. Na kwa Fisi, loo! Kwa Fisi waliuawa nyumba kwa nyumba, hata aliyebaki akivihesabu vidole vyake, akaviona ni vingi kuliko ndugu zake. Na huko kote walikozunguka, mama zao waliwabembeleza kwa wimbo huu:

*Mkuyu, mkuyu, penye vitovu vyetu,*
*tungoje, mkuyu, twaja.*

Vita vilipoisha, siku ya kwanza wakaja Nungunungu kumi. Siku ya pili wakaja mia. Siku ya tatu, kwara-kwara-kwara, kilima kizima ni miiba!

"Hodi!" akasema Bi Nungunungu mlangoni kwa Bi Pimbi. Naye ana mtoto mchanga kifuani.

"Karibu, mgeni."

"Mimi si mgeni, dada. Nimerudi kwetu."

"Kwenu? Mbona humu nimezaliwa mimi, na mama yangu, na bibi yangu?"

"Na mimi nimepaota pahali hapa kabla sijapaona. Niende wapi? Nirudi kwa Fisi?"

Bi Pimbi akamtazama yule mtoto mchanga. Alimwonea huruma kweli. Lakini huruma ni kitu kimoja, na kutolewa nyumbani kwako ni kitu kingine.

Wakamwendea Tembo. "Bwana Mkubwa, kilima ni cha nani?" Tembo akatazama juu, akatazama chini, akakohoa. Kulipokucha alikuwa ameshaondoka na wanawe. Hata mavi yake hakufagia!

Hapo ndipo moto ulipowaka. Pimbi wanauma, Nungunungu wanachoma. Huyu analia, yule analia. Pimbi wengi wakafukuzwa mpaka uwandani, kila mmoja amebeba jiwe la mlango wake, aje kulirudisha siku moja. Nungunungu nao walilala jicho moja wazi, kwani Fisi hakuwatoka rohoni.

Na Bi Pimbi? Hakuteremka ng'o! Alibeba mtoto, akakifunga kitovu kwenye jani, akakimbia kwenda mkuyuni. Akafika anahema. Nani yuko pale? Bi Nungunungu! Naye ana mtoto, naye ana jani, na ndani ya jani mna kitovu.

"Ondoka, nizike cha mwanangu," akasema Bi Pimbi.

"Ondoka wewe. Vya kwetu vilitangulia."

"Uongo!"

"Tuchimbe, basi! Tuone cha nani kiko chini!"

Wakalaza watoto kivulini, wakachimba. Mchimbo wa kwanza, vitovu vikatoka. "Vyetu!" akapiga kelele Bi Pimbi. Mchimbo wa pili, vikatoka vingine, vikongwe zaidi. "Vyetu!" akapiga kelele Bi Nungunungu. Mchimbo wa tatu! Wanachimba kwa kucha, wanachimba kwa meno, wanakata chochote kinachowazuia. Bi Pimbi akainua kitovu kimoja, akakigeuza, akakigeuza tena. Cha nani hiki? Kitovu kikikauka, jamani, hakina mwiba wala manyoya.

Akafungua mdomo aseme. Mara, kwaaa! Mkuyu ukalia. Kumbe walivyokuwa wakivikata ni mizizi! Mti ukayumba, ukainamia upande mmoja. Upande gani? Upande wa watoto!

Bi Pimbi akaruka, akaweka mgongo. Bi Nungunungu akaruka, akaweka mgongo. Ubavu kwa ubavu! Miiba inamchoma Bi Pimbi. Meno ya Bi Pimbi yako sikioni mwa Bi Nungunungu.

"Ondoka mtini mwangu!"

"Ondoka wewe kwanza!"

Hakuna aliyeondoka. Mmoja akiachia, mti unawaua watoto wote wawili. Na hadi leo wako pale pale, wanatukanana, wanachomana, wanaumana, na migongo yao haibanduki. Tembo je? Yuko ng'ambo, anatuma salamu za pole.

Mmezoea kusikia wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Tembo huyu wala hakuja kupigana kilimani. Aliahidi tu, akaenda zake. Basi usimgawie mtu nyumba yenye mtu ndani. Nawe uliyeteswa, uchungu wako ni wa kweli, lakini haumfanyi jirani yako asiwepo. Na mkichimba mno kutafuta aliyetangulia, mtakata mzizi unaowalisha.

Kilima!

"Kina wenyewe!"

Wangapi?

Mbona mmenyamaza? Haya, mimi nimeutua mzigo wangu. Ukiwa mwepesi nendeni nao, ukiwa mzito wekeni migongo.