Mwalimu Kaa Alivyoshika Mkia

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nyie wa nyuma mmesinzia. Na wazazi pia, nawaona. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, maji yalipokuwa bado yanasikiliza, palikuwa na dimbwi. Dimbwi la kijani, limetulia tuli. Jua likiingia mle lilivunjika vipande vipande, likashuka polepole, likalala chini kwenye tope. Ukisema neno, neno lilipanda ndani ya kiputo, bwu, bwu, bwu, kisha likapasuka juu. Hiyo ndiyo ilikuwa Shule ya Dimbwini.

Mwalimu alikuwa Kaa. Alikuwa na magando mawili, gando la kuandikia na gando la kunyamazishia. Wanafunzi walikuwa viluwiluwi, watoto wa vyura. Siku ya kufunga shule Mwalimu Kaa aliwapanga mstari, akawatazama nyuma. Huna mkia? Pita, panda darasa la nchi kavu. Una mkia? Baki, rudia darasa la maji, mwaka mzima. Maneno yaliishia hapo.

Na si kwamba Kaa alikuwa mkali bure. Juu, ukingoni, alisimama Korongo. Mguu mmoja chini, jicho moja wazi. Asiye na mkia huruka, tii, akaingia majanini. Mwenye mkia hujikokota. Na Korongo, jamani, aliwapenda sana wanaojikokota.

Basi mwaka huo, mwisho wa mstari, nani yuko pale? Luwi. Ana miguu miwili ya nyuma. Ana mkono mmoja. Na ana mkia. Wenzake wote mikia imekwisha. Wakaimba:

Luwi, Luwi, umeshika mkia!
Luwi, Luwi, umeshika mkia!

"Sijaushika," akasema Luwi. "Wenyewe ndio ulionishika."

Kaa akatamani kucheka, lakini roho ilimuuma. Alimpenda Luwi. Siku kumi sasa mtoto alikuwa hali, hachezi, anasinzia tu darasani, vipande vya jua vikimpita mgongoni.

"Luwi, unaumwa?"

"Siumwi, Mwalimu. Naota. Juzi niliota nina vidole. Kuamka, nikavikuta."

"Na mbona huli?"

"Sina njaa. Kuna kitu kinanilisha. Sikijui."

Kaa akakuna kichwa. Hakuelewa, na mwalimu asiyeelewa huwa anakohoa. Akakohoa.

Mara, tubwi! Mama Luwi kajitosa majini. Maji yakatibuka, vipande vya jua vikakimbia huku na huku.

"Mwalimu wangu, nasikia mtoto anarudia!"

"Shikamoo yangu iko wapi, Mama Luwi?"

"Shikamoo, Mwalimu. Anarudia?"

"Marahaba. Ana mkia, Mama Luwi. Na juu kuna Korongo."

"Korongo yuko juu kila mwaka! Shangazi zake Luwi wako njiani, wanatoka mtoni, wanakuja kusherehekea. Niwaambie nini? Kwamba mtoto kashika mkia?" Akalia. Akalia tena. Kisha akanyamaza, akayatazama magando ya Kaa. "Mwalimu, wewe si una magando? Kata. Kacha! Mara moja tu. Mkia ukianguka, mtoto hana mkia. Asiye na mkia hupanda. Si sheria yako hiyo?"

Ilikuwa sheria yake kweli.

Kaa akamsogelea Luwi. Akafungua gando. Akalifunga polepole, akaushika ule mkia. Darasa zima likapiga kelele:

"Mwalimu ameshika mkia! Mwalimu ameshika mkia!"

Viputo vya kicheko vikapanda juu, bwu, bwu, bwu. Lakini Kaa hakuvisikia. Maji yalikuwa yamenyamaza masikioni mwake, kama vile naye ameingia ndotoni mwa Luwi. Alikuwa anausikiliza mkia. Ulikuwa mwembamba. Jana ulikuwa mnene zaidi. Na ndani yake kitu kilikuwa kinatembea, tu, tu, tu, kinatoka mkiani kwenda mgongoni, kinatoka mgongoni kwenda begani, pale mkono wa pili unapotaka kuchomoza.

Kumbe mkia ndio uliokuwa unamlisha! Mtoto alikuwa anaula mkia wake kidogo kidogo, apate mkono.

Kaa akaachia haraka.

Akamkumbuka Kijuso. Mwaka uliopita Kijuso alikuwa na mkia vilevile. Mama yake alilia, Kaa akaona haya, akampandisha. Kijuso alijikokota hatua tatu. Ya nne hakuifikisha.

"Mama Luwi," akasema Kaa, "sikati. Nikiukata huu, nakata mkono ambao bado hujauona. Mtoto anabaki."

"Mwaka mzima?"

Kaa akafikiri. "Hapana. Mpaka siku yake."

"Siku yake! Kwenye kalenda ya shule ipo siku hiyo?"

"Haipo. Nitaiandika."

Mama Luwi akaondoka kwa hasira. Wengine wakapanda, tii, tii, tii, majanini. Luwi akabaki na Mwalimu wake. Labda alilia, lakini ndani ya maji nani ataona machozi? Akalala. Siku moja. Siku tatu. Siku saba. Kaa alikaa karibu, akifundisha darasa la mtu mmoja, tena amelala.

Siku ya tisa, adhuhuri, mvua ikapiga maji, ta, ta, ta. Luwi akafumbua macho.

"Mwalimu, nimeumaliza."

Mikono miwili. Miguu miwili. Nyuma, hakuna kitu.

Wakaenda hadi ukingoni. Korongo akafumbua jicho la pili. Kaa akajifunika uso kwa magando yote mawili. Dwa! Mdomo ukachoma tope. Tii! Luwi kesharuka. Tii! Yuko majanini, na mama yake kamkumbatia, anamlilia shingoni.

Punde majani yakafunguka kidogo. Luwi akachungulia.

"Mwalimu! Na wewe unapanda lini?"

Mvua ikamnyeshea Kaa mgongoni.

"Mimi, mwanangu, nimelirudia darasa hili miaka kumi na minne," akasema. "Leo ndiyo kwanza nimefaulu."

Mmesikia, watoto? Mmesikia, wazazi? Kabla hujasema mtoto apande au arudie, mshike kwa upole, ujue anakua kwa kitu gani. Wala usimpandishe kwa sababu ya haya zako, wala usimkate kwa sababu ya sheria yako.

Hadithi yangu imeishia hapo, imezama dimbwini. Anayeitaka apige mbizi.