Nani Amhukumu Mjomba Mwadime?

"Mwadime, una hakika zile pedi mpya za breki umezifunga?"

Mama Wakesho alimuuliza hivyo ndugu yake aliporudisha pikapu aliyokuwa amempa akaifunge pedi hizo. Mwadime akaongeza sauti ya redio. Mtu kaulizwa habari ya breki, yeye anatupigia muziki!

Mama huyu huteremsha kabichi kutoka Wundanyi, juu milimani, hadi soko la Mwatate. Ana mabinti watatu. Wakesho ana masikio: bati la jirani likilegea, yeye ndiye wa kwanza kujua. Mghoi ana mikono isiyotetemeka. Saru ana mdomo, na hajawahi kuuombea radhi.

Asubuhi iliyofuata waliteremka wote, Saru akiwa nyuma juu ya kabichi. Mama alikuwa ameweka gia huru, kama wengi wa huko wanavyoteremka ili kuokoa petroli. Breki peke yake ndiyo iliyoshika gari.

Kwenye kona Wakesho akasikia mkwaruzo. "Mama, inua mguu! Hiyo si pedi, ni chuma kwa chuma. Kilichobaki tukiwekee akiba!" Mama akainua.

Sasa gari likajiachia. Mghoi akadaka gia. "Klachi, Mama!" Akatia ya tatu, kisha ya pili. Injini ikanguruma, kasi ikapungua, naye akaanza kuvuta breki ya mkono taratibu, bila pupa.

Mbele, watoto wa shule walikuwa wameijaza barabara. "Tokeni! Hatuna breki!" Saru alipiga kelele. "Wewe wa sweta, unangoja kadi ya mwaliko?" Akawavurumishia kabichi mpaka wakatawanyika. Mama akapata nafasi, akakanyaga breki kwa mara ya mwisho na kulipigiza gari kwenye ukingo wa udongo. Likasimama.

Bila masikio, hiyo breki ya mwisho isingekuwapo. Bila mikono, kasi ingewatupa bondeni. Bila mdomo, Mama angechagua: bonde, au watoto wa watu.

Mekanika akafungua magurudumu. Pedi zilikuwa zimelika zote. Zile mpya zilikutwa kwenye gari la Mwadime.

"Dada, si mmepona?" Mwadime akasema.

Mama akawageukia binti zake. "Aliyetuokoa zaidi ndiye atakayemhukumu. Atakalosema litatendeka."

"Afungiwe pedi zilizolika," Wakesho akasema, "ateremke mlima uleule peke yake."

"Gari lake liuzwe," akasema Mghoi, "na asishike tena usukani wa mtu wa ukoo huu."

"Mimi namtaka sokoni," akasema Saru, "mbele ya wazazi wa wale watoto. Aeleze kwa kinywa chake mwenyewe."

Je, ungekuwa Mama, hukumu ungemkabidhi nani? Usiniletee habari za kusamehe, hilo sikuuliza. Wala usiigawe vipande vitatu. Mwadime amesimama mlangoni anangoja. Tafadhali, nitajie jina moja, na uniambie kwa nini.