Viatu vya Mheshimiwa Fumo

Mheshimiwa Fumo alifika kwenye hifadhi ya rasi na bunduki begani. Akamwambia mlinzi, Mwakuona, ampeleke waliko paa, la sivyo atafute kazi nyingine.

"Paa wako ng'ambo ya msitu wa mzimu, mheshimiwa," Mwakuona akasema. "Ila mzimuni hatuingii na viatu."

Fumo naye aliogopa mizimu. Alivua viatu, akaviacha ufukweni. Wakakanyaga majani laini ya msitu mpaka wakatokea upande wa pili. Mbele yao kulikuwa na miamba ya matumbawe yenye ncha kali, na paa wakiwatazama kwa mbali.

"Turudi nikachukue viatu."

"Maji yamejaa, mheshimiwa. Ufukwe umezama, na viatu saa hizi viko safarini. Njia iliyobaki ya kurudi ni hii ya miambani. Nyayo zangu zimeizoea, nitakubeba. Lakini nabeba mtu au bunduki, si vyote viwili."

Fumo aliitazama miamba, akaiegemeza bunduki mtini, akapanda mgongoni.

"Kesho nitaifuata bunduki yangu," akasema walipofika katikati ya miamba.

"Karibu sana. Viatu utavivua palepale."