Kwa Nini Wimbo wa Wasegut Una Kimya Katikati

Palikuwa na zama ambapo Wasegut, watu wa msitu na mizinga, walikuwa bado hawajajifunza kunyamaza. Wimbo wao wa nchi uliimbwa mfululizo, kutoka kilele cha Mlima Soget hadi ukingo wa nyanda, bila mtu kupumzika ila kuvuta pumzi.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kueleza mpangilio wa wimbo wenyewe. Msegut hakurithi shamba, alirithi ubeti. Kila ubeti ulikuwa kipande cha nchi: mkondo fulani, mteremko wa nyati, mti unaobeba mizinga ya ukoo. Aliyeshika ubeti ndiye aliyepatunza mahali pake, na akikosea neno, alirudishwa huko akatazame upya. Hivyo nchi nzima ilikaa vinywani mwa watu, na hakuna jirani aliyethubutu kuwaambia Wasegut kwamba hawana kwao.

Beti za maji ya akiba, yaliyofichwa kwa siku za ukame, zilikuwa na mwiko. Maneno yake alinong'onezwa mrithi mmoja tu. Mbele ya watu, mwenye ubeti alivumisha sauti huku amefumba mdomo. Ubeti wa Bonde la Kelwet ulikuwa wa Bibi Tabarno. Nyoka alimuua ghafla, na mjukuu wake Tamining, aliyepaswa kuurithi, alikuwa hajaota hata jino. Uvumi ule wa sauti watu waliukumbuka. Maneno yakazikwa pamoja na bibi.

"Wimbo wenye tundu ni mzinga usio na kifuniko," alisema Moiben, mjomba wa Tamining na kiongozi wa waimbaji. Akatunga maneno juu ya uvumi ule: maji yapo chini ya mawe mawili meupe, yanayokumbatiana kama ndugu. Yalikuwa maneno mazuri mno. Tamining alilelewa nayo, akasifiwa kwayo, na kwa kuwa mvua zilikuja kwa wakati, hakuna aliyelazimika kuyafuata.

Kisha mvua zikakatika. Chemchemi zikageuka tope, tope likageuka vumbi. Tamining, wakati huo mwanamke mwenye mtoto mgongoni, aliwatangulia watu wake kwenda Kelwet huku akiimba. Beti za wengine ziliwafikisha salama hadi mdomo wa bonde. Hapo ukaanza ubeti wake, na mawe meupe hayakuonekana. Yalikuwapo ya kijivu tu, bonde zima.

"Paza sauti, mpwa wangu," alihimiza Moiben. "Mahali hapamwitikii mtu anayeimba kama ana homa."

"Apaze mpaka lini?" akafoka Kabon, mama mkwe wa Tamining. "Au mawe yako yamekwenda kisimani kabla yetu?"

Hakuna aliyecheka sana, kwa maana midomo ilikuwa imepasuka. Mtoto mgongoni alikuwa ameacha kulia, na Tamining aliogopa ukimya huo kuliko kilio. Akamgeukia mjomba wake.

"Mjomba, mawe haya uliyaona kwa macho?"

Moiben alitazama chini. "Niliyaona wimboni," alisema. "Yalipendeza."

"Basi siimbi."

Watu waliguna kwa hofu. Kutembea nchini bila wimbo kulikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Lakini Tamining alipiga magoti, akaweka viganja ardhini, akawaomba wote wanyamaze. Kabon akawa wa kwanza kufumba mdomo, jambo ambalo peke yake lilistahili kukumbukwa.

Ndipo Tamining akasikia uvumi. Ulikuwa ule ule wa bibi yake, wa mdomo uliofumbwa, ukitoka kwenye ufa wa jabali la kijivu. Nyuki walikuwa wakiingia humo wepesi na kutoka wazito, wakiruka chini chini. Msegut hahitaji kuambiwa kwamba nyuki wa namna hiyo amebeba maji. Wakasukuma mawe, wakachimbua changarawe, na maji yakapanda baridi hadi kwenye vifundo vya mikono. Mtoto alikunywa, akakohoa, akalia kwa nguvu, na bonde lote likashangilia kilio kile.

Walipokwisha kushiba maji, Moiben alisogea taratibu. "Sasa umepaona mwenyewe. Nikusaidie kutunga maneno?"

"Usitunge, mjomba. Mahali hapa pana sauti yake yenyewe. Sisi tulikuwa tunaifunika."

 Jioni, wimbo ulipoimbwa tena toka ubeti wa kileleni na kufika ule wa Kelwet, Moiben ndiye aliyeinua mkono kuwanyamazisha waimbaji.

Na tangu siku hiyo, Wasegut hawatungi ubeti wa mahali ambapo miguu yao haijafika. Katika arusi na katika kumpa mtoto jina, wimbo wao hufika katikati ukakatika ghafla. Wazee kwa watoto huinama, huweka viganja ardhini, nao hawaendelei mpaka wasikie kitu: nyuki, upepo, au maji yenyewe. Wageni hudhani wamesahau maneno, na wengine huwahurumia. Wasegut huinuka wakijipangusa vumbi, vichwa juu, na kuwajibu:

"Hatukusahau. Ubeti huo huimbwa na nchi."