Bakuli Moja la Bondeni

Mwaka huo mvua iligoma kabisa, na mto wa Bondeni ukabaki tope la kunywa kwa zamu. Halafu tumbo la kuendesha likaingia kijijini. Wiki moja, matanga matatu. Lakini hapo juu Kilimani, ukiita unaitikiwa, Nungunungu walikuwa wazima na wanene, hata mafua hawana.

"Wametuloga," akasema Fisi, msimamizi wa matanga. Kazi hiyo aliiomba mwenyewe, na tangu aipate alikuwa ameota kitambi.

"Kesho tunawachoma moto," akanguruma Simba, mfalme wa Bondeni, ambaye kufikiri aliwaachia wengine.

Mama Sungura hakutaka vita. Mwanawe alikuwa hoi jamvini, macho yameingia ndani, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akapanda Kilimani kuutazama huo uchawi. Akawakuta Nungunungu wanajiandaa kula, kila mmoja ananawa kwa kumiminiwa maji na mwenzake, tena kwa mbali.

"Mbona hamnawi bakuli moja, kama ndugu?"

"Mama, na miiba hii? Si tutatoboana macho?"

Sungura akateremka mbio. Kwao Bondeni, kila matanga, wanyama sitini walichovya mikono katika bakuli lile lile, mpaka maji yakawa mchuzi, ndipo wakala. Fisi ndiye aliyewafundisha: "Maji haba, ndugu zangu. Undugu ni bakuli moja." Ila yeye mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona akinawa humo.

Siku hiyo hiyo, kwenye matanga ya Paa, Sungura akalipokea bakuli wengine wote wakiwa wameshanawa, akampelekea Fisi kwa adabu zote.

"Nawa, mzee."

"Nimenawa nyumbani, mwanangu."

"Rudia tu. Undugu ni bakuli moja."

"Nawa bwana," akasema Simba, "wengine tuna njaa."

Fisi akanyoosha mkono, akaurudisha. "Mfalme, haya maji yanaua."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu matanga ya pili. Lakini nyama ilikuwa nzuri mno."

Wakamnawisha kwa nguvu, wakamlisha kwa mkono ule ule. Kesho yake alishinda vichakani, na hakuna aliyempelekea hata jani la kujifutia. Tangu hapo Bondeni wakanawa kwa kumiminiana. Mtoto wa Sungura akanyweshwa uji mwepesi wa chumvi, na siku ya nne akaomba kiporo.

Wanyama walikuwa wameshanoa mapanga waende Kilimani, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.