Bika Mbili Zisizo na Alama

Mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo ukilipuuza, litakurudia likiwa kubwa. Binti mmoja ambaye nyumbani walimwita Upesi aliisikia methali hii mpaka ikamchosha, na bado haikumwingia.

Upesi alikuwa na akili kama wembe. Hata hivyo, alikuwa akirudia mtihani wa kemia, kwa kuwa chuo cha ufamasia kilikuwa kimemkataa mwaka uliotangulia, na mara hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Kila jioni mama yake mdogo, mwalimu wa kemia, alimketisha kwenye meza ya jikoni. Walikuwa wakifanya maswali ya seli ya umeme yenye metali ile ile na chumvi ile ile pande zote mbili, ila upande mmoja mmumunyo umekolea na wa pili ni hafifu. Tofauti hiyo peke yake ndiyo inayosukuma umeme.

"Kabla hujagusa kikokotoo, bandika kikaratasi cha alama kwenye kila bika, hivi vikombe vya kioo," mama mdogo alimwambia.

"Mama Mdogo, si naona? Hii buluu imeiva, hii imepauka."

"Leo ni chumvi ya shaba. Wakikupa nyingine je?"

"Nitajua tu."

Mama mdogo alishusha pumzi, akatazama dari. Kumfundisha asiyeelewa ni kazi, lakini kumfundisha mwerevu asiyesikia ni adhabu!

Siku ya mtihani wa vitendo waliletewa chumvi ya zinki. Mimumunyo yote miwili, mmoja umekolea mara kumi kuliko mwingine, haikuwa na rangi, utadhani maji ya kunywa. Upesi aliimimina kwenye bika, akamrudishia msimamizi chupa zilizoandikwa, na vikaratasi vya alama hakuvigusa. Alikokotoa volti, mita ya umeme ikakubaliana naye, akatabasamu.

Swali la mwisho, lenye alama nyingi kuliko yote, lilitaka mmumunyo hafifu uzimuliwe kwa maji mara kumi, kisha volti zipimwe tena. Upesi alikokotoa haraka: zitapanda maradufu. Akanyoosha mkono, ukabaki hewani. Bika ipi? Akakisia, akazimua ya kulia.

Mita ilisoma sifuri. Alikuwa ameuzimua ule uliokolea, na sasa pande zote zililingana.

"Naomba mwingine," alimsihi msimamizi.

"Hakuna wa ziada, binti."

Jioni mama mdogo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Waya chanya wa mita ulikuwa kwenye bika ipi?"

"Sikuangalia."

"Upande uliokolea ndio huwa chanya! Mita yenyewe ilikuwa inakuambia, mwanangu, nawe unasoma namba tu!"

Matokeo yalipotoka, Upesi alikuwa ameikosa nafasi ya chuo kwa alama za swali lile lile. Kipande cha karatasi kisichozidi ukucha kilikuwa kimemnyima koti jeupe alilolitamani tangu utotoni. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.